Sitamshika Tena Wabiwa Mabega

Mama yangu, niliyekuzika nikiwa bado nina neno na wewe,

Jana tumemaliza matanga yako. Watu wamekula, wameimba nyimbo zako za kanisani, wamekusifu mpaka nikachoka. Kila aliyesimama alitaja mikono yako. Huyu ulimnyoosha mgongo, yule ulimrudishia bega, mvuvi mmoja akasema bila wewe asingeshika kasia tena. Yote ni kweli. Mimi mwenyewe, nilipoanguka kutoka kwenye mchikichi nikiwa mdogo, ulinikanda mkono kwa maji ya moto na mawese mpaka nikapona. Ndiyo maana nilikuamini, na ndiyo maana nina hasira.

Unakumbuka siku ile tulipotoka shamba la Lubondja, wewe, mimi na mjukuu wako Wabiwa, kikapu cha mihogo kichwani mwake. Alikuwa na miaka minane. Kwenye kuvuka mto aliteleza, jiwe likamchana juu ya kifundo cha mguu. Ulipasua kikwembe chako ukamfunga, ukambeba mgongoni, na njia nzima ulikuwa ukimwimbia. Kidonda kilifunga vizuri. Wiki chache tu, ngozi ikawa safi. Maumivu ndiyo hayakutoka.

"Iko nawaka ndani, bibi," alikuambia. "Sawa vile baliweka moto."

Muuguzi wa dispensari aliugeuza mguu huku na huku, hakuona uvimbe wala usaha, akaniambia mbele ya mtoto: "Mwalimu, mutoto wako iko na bongo, ni uongo tu. Iko nakimbia kazi ya nyumba." Nilitakiwa kumjibu, na sikumjibu.

Ndipo ulipoteleka chungu chako. Asubuhi na jioni, maji ya moto yenye majani, kisha mawese, kisha vidole vyako vile vyenye nguvu vikipanda na kushuka juu ya lile kovu. Mama yake alishindwa kutazama, akawa anakwenda kuteka maji. Mimi ndiye niliyemshika mabega. Alilia mpaka sauti ikakauka. Nawe ulisema, "Mushike muzuri. Akilia, ni maumivu iko natoka." Kwetu sote ndivyo tunavyojua: mgonjwa asiyelia hajakandwa, na mtoto asiyekandwa hana watu. Majirani waliposikia kile kilio walisema Wabiwa ana bahati ya bibi.

Kisha mchana mmoja alikuwa amelala mkekani, usingizi mzito wa mtoto aliyechoka. Mama yake akamfunika kikwembe. Upindo ukagusa tu lile kovu, na mtoto akapiga yowe kabla hajafumbua macho. Nilisimama pale na chaki zangu mfukoni. Mtoto aliyelala anawezaje kufanya bongo? Na kama kitambaa kinamuumiza hivyo, vidole vyako vilikuwa vinamfanya nini?

Nilikuja jikoni kwako nikakueleza. Ulicheka. "We unajua chaki," ukasema. "Mi najua mifupa." Nami, mtu mzima, baba, ninayewafokea watoto wa watu darasani siku nzima, nilirudi kumshika mabega. Miezi mitatu zaidi, mama. Nikikukasirikia wewe mara moja, najikasirikia mwenyewe mara mbili.

Ulikuwa umeshalala kitandani na ugonjwa wako daktari wa misheni alipopita hapa kwetu Baraka. Alimgusa kwa unyoya wa kuku, mtoto akaruka. Akasema mishipa ya fahamu iliumia chini ya kovu, na sasa inapeleka habari ya moto ambao haupo. Dawa ya kuiponya hakuwa nayo. Alisema tu tusimkande tena kamwe. Nilikimbia kuja kukuambia, na wewe ukageuza uso ukutani. Siku mbili baadaye ulituita sote, ukasema neno lako la mwisho: "Mugulu ya mutoto, musiache. Mukande kila siku. Mukiacha, muliniacha mie." Katika maneno yote ambayo mama anaweza kuwaachia watoto wake, ulichagua hilo.

Tangu uondoke hatujamkanda. Nimekata mgono wa zamani wa kuvulia samaki, nauweka juu ya mguu wake anapolala, kikwembe kinakaa juu ya mgono na hakimgusi. Shuleni nampeleka kwa baiskeli. Yeye maumivu ameyapa jina, anayaita Agronomi, kama yule bwana mkaguzi wa pamba anayefika shambani bila taarifa na kila mtu anaacha alichokuwa akifanya. "Baba, Agronomi alishafika," ananiambia katikati ya hesabu, na mimi namwacha aweke kichwa mezani. Siku nyingine tunacheka. Siku nyingine anauma kanga ya mama yake na hakuna la kufanya, nakaa karibu naye tu.

Basi jana, katikati ya matanga, dada yangu alitoka jikoni na chungu chako, maji yakifuka. "Mama aliacha neno," akasema. "Leta mutoto." Wabiwa alikuwa ameketi mlangoni, mguu juu ya kigoda. Hakukimbia, hawezi kukimbia. Alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akifanya ulipokuja wewe.

Nilimnyang'anya dada kile chungu nikakimwaga nyuma ya jiko. Baba mdogo akaniuliza kama nina akili, kumwaga neno la marehemu mbele ya watu wake. Nikamwambia, "Mi ni baba yake. Hakuna mutu atagusa ule mugulu, hata mama angefufuka." Dada alilia. Wengine waliondoka bila kuaga, na shemeji akasema laana itanipata. Inipate mimi, basi, si mtoto.

Leo asubuhi Wabiwa ameniona naandika, akauliza barua ni ya nani. Nikamwambia.

"Andika bibi alikuwa nalia pia," akasema. "Wakati iko nanikanda, machozi yake ilikuwa naniangukia hapa. We haukuona, sababu ulikuwa nafunga macho." Kisha akaongeza, "Andika mi sina kasirani naye."

Nimeandika kama alivyosema. Yeye amekusamehe, mama. Mimi bado.

Mwanao,
baba Wabiwa