Mistari Mitatu Haikumtosha Masanja

Ijumaa. Upepo wa hapa machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa umetujaza vumbi jekundu hadi kwenye meno, na jua limewaka kutwa nzima. Nimekaa nje ya chumba changu cha mabati, simu mkononi, nina hasira ambayo sijui nimpe nani.

Nina hasira na mistari.

Najua ni kitu cha kijinga. Mtu mzima, baba wa watoto wawili walioko Masasi, anayeshinda akipasua mawe chini ya ardhi, anakasirikia mistari ya karatasi. Lakini mistari hiyo ndiyo inayotaka kumfukuza Masanja kazini, na aliyeichora ni mimi.

Wiki iliyopita kamba ya winchi ya kupandishia mawe ilikatika kwenye duara letu, yaani shimo tunalochimba watu kumi. Kiroba cha mawe kikadondoka, kikamvunja Shija mguu. Shija mpaka leo yuko hospitali. Aliyekuwa anazungusha winchi siku hiyo ni Masanja. Mwenyekiti wa kikundi akasema hataki kelele za mdomo. Kila mmoja wetu tuliobaki aandike kwa mkono wake alichokiona, karatasi zikae kwenye faili.

Akanitazama mimi. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini kule nyumbani niliwahi kufanya kazi miezi michache kwenye duka la kuchapa karatasi. Kwa hiyo hapa naitwa Sekretari.

Nikaenda kwa Mama Happy, mwenye steshenari karibu na stendi. Kichwa cha fomu, jina, tarehe, sahihi, hayo nayaweza. Balaa lilikuwa ile nafasi ya mtu kuandika maelezo. Ili kupata mistari nilibonyeza nukta kwenye kompyuta mpaka kidole kikafa ganzi. Mstari wa kwanza ukatoka vizuri, wa pili ukaishia njiani, wa tatu ukamwaga nukta mbili chini yake kama kinyesi cha mbuzi. Nikajaribu vile vistari vya chini. Nikavipanga, nikabonyeza kwenda mstari mwingine, kompyuta ikavigeuza kuwa ufito mmoja mweusi kutoka ukingo hadi ukingo. Nikaufuta, haufutiki. Unapanda juu tu, unakaa chini ya jina. Nilichotengeneza huku kiliharibika kule.

Mwisho nikarudi kwenye nukta, nikapata mistari mitatu iliyolingana. Nikasema basi, inatosha, nichapie.

Nilidhani mtu mistari ikimwishia ataandika pembeni, au atageuza nyuma. Sikuwafikiria watu ninaokaa nao.

Tulijaza chini ya turubai, fomu zikiwa juu ya magoti. Masunga, ambaye tunashuka naye chini kila siku, anaandika herufi kubwa kama maharage. Alifika mwisho wa mstari wa tatu neno lake likiwa nusu, akainua kichwa.

"Sekretari, mistari yako imekwisha. Niendelee kwenye mkono?"

Watu wakacheka. Nikamwambia ageuze nyuma. Akanishangaa kama vile nimemwambia aingie kanisani na mabuti ya matope.

"Nyuma hakuna mistari. Mimi nilichapwa darasa la tatu kwa kuandika pasipo na mstari. Aliyechora mitatu anataka mitatu."

Wenzake wote wakaafiki. Hatukusoma sana, ila fimbo zilituingia. Mchimbaji anaweza kubishana na mwenye duara, akabishana hata na polisi, lakini ukimpa karatasi iliyochapwa na mashine anakuwa mpole. Anaona mistari ni kipimo alichopewa, kama kipimo cha unga.

Kwa hiyo kila mtu akaandika kilichoenea. Kamba ilikatika. Shija aliumia. Masanja alikuwa kwenye winchi. Kwamba kamba ile ilikuwa imechanika nyuzi tangu mwezi uliopita, na kila anayeshuka alikuwa anaiona, hilo halikupata mstari.

Masanja mwenyewe aliandika: Nilikuwa winchi. Kamba ilikatika. Naomba radhi.

Juzi mwenyekiti alizisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine. Akazikunja.

"Watu tisa, maneno yale yale. Sasa mnataka niseme nini? Jumamosi Masanja akabidhi vifaa."

Akikabidhi vifaa hapa, hakuna duara lingine litakalompokea. Habari za mtu aliyedondosha kiroba zinafika hata machimbo ya Bugarama kabla yake. Ana mke na wazee wanaomtegemea kule Tinde.

Nilimfuata mwenyekiti nikamwambia kosa ni la fomu, nafasi ilikuwa ndogo. Alinicheka kwanza. Halafu akasema nikileta nyingine kabla ya kikao cha Jumamosi kuanza atazisoma, lakini ziwe za kuchapwa, hataki karatasi za kuchana kwenye daftari.

Jana nikarudi kwa Mama Happy, nikamweleza yote. Akanisukuma pembeni na kiti changu.

"Baba, ungeuliza siku ile ile. Nani alikwambia mistari inabonyezwa nukta moja moja?"

Kumbe ni jedwali. Unaingiza jedwali la safu moja, unaliambia liwe na mistari kumi na miwili, unaondoa kuta za pembeni na za juu, zinabaki za chini peke yake. Unapanga kimo cha kila mstari, sentimita moja, herufi za Masunga zinapita bila kukanyagana. Mistari hairuki wala haimwagi nukta. Dakika tano. Mimi nilikuwa nimepigana na nukta nusu siku nzima, na mtu anakaribia kupoteza kazi.

Nilitaka kulia pale dukani. Nilisema tu asante kwa Kisukuma chao: wabeja, Mama Happy.

Leo mchana nimezigawa. Wawili wamekataa, wanasema walishatoa maelezo na hawataki kuitwa vigeugeu. Masanja naye aliitazama ile mistari kumi na miwili, akanirudishia.

"Acha tu, kaka. Ya kwanza imeshaandikwa."

Ilibidi nimshikie kalamu mkononi kama mtoto. Ameandika. Sijui ameandika nini, aliikunja mara nne.

Masunga ya kwake hakuikunja. Ameijaza mpaka chini, hakuacha hata mstari mmoja. Nimeisoma nikiwa natembea, na kwenye mstari wa tisa nimekuta jina langu.

Ni kweli alichoandika. Asubuhi ile ya ajali Masanja alishika kamba, akaivuta, akasema yeye hazungushi kitu kama kile. Mimi nilikuwa na haraka ya kushuka. Nikamwambia mbele ya watu wote, kama unaogopa rudi Tinde ukalime mpunga. Walicheka. Masanja akainamisha kichwa, akashika winchi.

Watu wanane tulisikia maneno hayo, na Masanja wa tisa. Kwenye fomu ya kwanza hayakuandikwa na yeyote, na mimi nilishukuru. Hiki ndicho sijamwambia mtu. Ile siku ya nukta nilichoka kweli, kidole kiliuma kweli, lakini nilipoona imetoka mitatu, kuna kitu kifuani kilitulia. Nilijua mitatu ni michache.

Karatasi ziko hapa, kwenye mfuko wa plastiki. Saba, pamoja na yangu ambayo bado ni tupu. Ya Masunga nikiipoteza njiani hakuna atakayeshangaa, vumbi hili limeshameza mengi. Nimeliwaza hilo, silifichi.

Kikao ni kesho saa tatu asubuhi. Nitampa mwenyekiti zote saba mkononi, ya Masunga ikiwa juu. Sasa naweka simu chini, nichukue kalamu, nijaze yangu kukiwa bado na mwanga. Nitaanza na maneno niliyomwambia Masanja.