Taya Limekwama, Mume Anadhani Nimenuna

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla ya Alhamisi. Mimi ni fundi cherehani, miaka kumi na tisa nakata uzi kwa meno na kubana pini mdomoni, kwa sababu mkasi kila saa unapotelea chini ya vitambaa, na sasa taya la kulia linalia ko ko nikitafuna, mdomo haupitishi zaidi ya kijiko cha chai, basi nikapunguza kuongea, kucheka ndiyo nikaacha kabisa, na mume wangu, ambaye ni mcheshi, akaona hachekewi akadhani nimemnunia, akaanza kuosha vyombo, akaanza kupiga deki, na juzi akanipigia magoti jikoni akasema, "Mama watoto, basi yaishe. Aliyevunja bakuli la mama yako ni mimi, siyo paka." Mshauri, nilikuwa sijui lolote, nikanyamaza kama hakimu, na jana akaungama jingine. Sasa Alhamisi hiyo daktari anataka kunichoma sindano ya asidi ya hayaluroni kwenye kiungo cha taya, na mimi asidi naijua ya betri, naogopa itanila mfupa, na tena nikipona nani atapiga deki? Ila kusema kweli nimekosa kucheka naye, na hilo linaniuma kuliko taya.

Fundi Kimya

Fundi Kimya,

Pole kwa taya. Kwa hilo la deki sikupi pole, unamtesa mtoto wa watu. Dawa hiyo haina undugu na betri. Ni ute mzito, wa aina ambayo mwili wako wenyewe hutengeneza kulainisha viungo, kama mafuta unayotia cherehani kikianza kukwaruza. Haimsaidii kila mtu, na wengine huchomwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo maswali yako yote mmalizie daktari kabla hajashika sindano.

Alhamisi nenda, na mume aende nawe akushike mkono. Ila kabla hamjatoka nyumbani, mwambie hukumnunia hata siku moja. Atakasirika kidogo, ana haki. Mkasi ufunge kwa kamba kwenye cherehani, pini zikae kwenye kijimto, maana ukirudia meno utarudia na sindano. Taya likilegea, mwombe arudie vichekesho vyote ulivyovikosa, hata vile vibovu, na umchekee.

Kisha mwiteni paka, mmwombe radhi wote wawili.