Nyanya Amwelezea Baba Fizikia

Jumapili usiku

Sasa Nyanya ndiye mwanafizikia wa nyumba hii. Mila haziniruhusu kubishana na Baba, kwa hiyo Nyanya ndiye aliyeniombea ruhusa ya kwenda Fomu Faivu kusoma sayansi, badala ya kuajiriwa katika kiwanda cha chai cha Itumbe.

Nilikuwa nimemweleza Nyanya, macho chini, kwamba viini vizito vya atomi hugonganishwa, kisha chembe zinazofanana hulinganishwa mbili mbili zinaporuka, ili kukadiria ukubwa wa mahali zilikotoka. Ni padogo mno kuonekana.

Akamwambia Baba, "Wanavunja kitu, halafu wanawachunguza wawili waliotoroka pamoja."

Baba akauliza, "Na wanalipwa?"

"Sana. Huyu wako anavunja vikombe bure."

Baba akasema, "Basi aende."

Nililia jikoni, nikasingizia moshi.