Herufi Mbili za Kibodi Uliyoiosha

Mabatini,
Mwanza.
Jumatano, 12 Machi 1997.

Mpendwa Shangazi Wilhelmina,

Shikamoo. Nakuandikia kukuomba uvuke uje Mwanza, usimame mbele ya mkurugenzi wangu, na useme jambo moja ambalo wewe peke yako unaweza kulisema. Nimelitaja ombi langu mwanzoni kwa kuwa najua humpendi mtu anayezunguka. Sababu zake nitazieleza kwa utaratibu.

Kwanza nikujulie hali. Goti linaendeleaje tangu mvua zianze? Je, dada Kija amekwisha kujifungua? Na mihogo ya bondeni, nguruwe wamekuachia kidogo mwaka huu? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakohoa kidogo asubuhi, ila sokoni anakwenda kama kawaida. Hajui habari hizi, nami naomba asizijue kwanza.

Unakumbuka kwamba Oktoba niliajiriwa kwa majaribio ya miezi sita katika kampuni hii ya kununua pamba, iliyochukua majengo ya chama chenu cha ushirika baada ya soko kufunguliwa. Ofisi yangu ni chumba kile kile ulichofanyia kazi, chenye dirisha linalotazama ziwa. Nilipoulizwa katika usaili kama naimudu kompyuta, nilijibu kwamba naimudu vizuri sana. Shangazi, chuo kikuu niliigusa mara tatu. Nachapa kwa vidole viwili, macho yakiwa kwenye herufi.

Wiki mbili zilizopita panya walitafuna waya wa kibodi ya ofisi. Nilipotumwa ghalani kutafuta nyingine, nikaikuta yako chini ya magunia, imefungwa kwa kitambaa cheupe kilichoshonwa pembeni. Nilipoigeuza nikaona karatasi uliyoibandika: "W. Masalu. Usile hapa." Niliinua kitu kizito kama tofali, nikacheka peke yangu. Nilichomeka waya wake, ukakubali, nikabonyeza, na mlio ule ukanirudisha darasa la tano, nilipokuwa nakuja kukusubiri na kukukuta unachapa huku unatazama mitumbwi, vidole vikilia kama mvua ya mawe juu ya bati. Kibodi za siku hizi ni laini, hazikwambii kama umebonyeza au hukubonyeza. Yako inakujibu. Nilijiona nimerithi kitu.

Siku mbili za mwanzo niliingiza tarakimu tupu, kilo za pamba za msimu uliopita, na mambo yakaenda vyema. Siku ya tatu nikaagizwa kuandika barua ya kuwaita mawakala wetu thelathini na wanane kwenye mkutano. Rebeka, katibu muhtasi wetu, alikuwa likizo, na umeme ulikuwa ukatwe saa tano kwa ajili ya mgao. Nilichapa bila kuinua macho, nikatoa nakala, mkurugenzi akatia sahihi bila kusoma (jambo ambalo siwezi kumkumbusha), na barua zikapanda magari.

Naona haya kukunakilia ilivyosomeka. "Ndugu Wakara, Balua hii ni ya kukuarika. Mahari pa mkutano ni bohali kuu. Wajumbe watapiga kula kumchagua mwenyekiti." Kila L ilikuwa R, na kila R ilikuwa L, kuanzia juu hadi kwenye cheo cha mkurugenzi mwenyewe, "Mkulugenzi".

Bwana Farouk, mkurugenzi wetu, ni mtu wa Tanga, na Kiswahili kwake ni kama nguo ya Idi. Wakala mmoja wa Magu alimpigia simu akiuliza mahari hiyo ni ng'ombe wangapi. Basi aliniita mbele ya watu wote. "Bwana Masalu," akasema, "hapa tunaitisha mkutano au tunaposa? Na hiyo kula wanayopiga, ni ugali au wali?" Watu walicheka hadi mlinzi akaingia kuona kuna nini. Nami, Shangazi, sikufikiria kibodi hata kidogo. Nilifikiri ni mimi. Nilifikiri mdomo wa nyumbani kwetu, nilioufunga kwa miaka mitatu ya chuo, umetoroka kupitia vidoleni.

Jioni ile nilikaa nikachapa jina langu polepole. Nikabonyeza palipoandikwa L, kwenye kioo ikatokea "Masaru". Nikaelewa! Vifuniko vya herufi mbili vilikuwa vimepachikwa kila kimoja mahali pa mwenzake. Kwa furaha nilivibandua kwa mpini wa kijiko, nikavibadilisha, nikalala usingizi mzuri. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote. Asubuhi nilimwita mkurugenzi nimwonyeshe. Akabonyeza L, ikatoka L. Akabonyeza R, ikatoka R. Akanitazama. "Mbona inaandika sawasawa?" Nikaeleza kwamba nimeitengeneza jana. Rebeka, aliyekuwa amerudi siku hiyo, akasema, "Kaka Nathaniel, kumbe kibodi nayo Msukuma!" Ushahidi wangu niliuharibu kwa mikono yangu, na kadiri ninavyoeleza ndivyo ninavyozidi kuonekana mwongo.

Nilikwenda kwa Mzee Yunus, aliyekuwa mtunza ghala wenu, ambaye sasa anauza vitunguu hapa Mabatini. Alicheka hadi akashika meza. "Muulize shangazi yako," akasema. "Siku moja kabla ya kukabidhi ofisi, tulipopunguzwa kazi, alivibandua vile vidude vyote akavifua kwa sabuni kama vyombo vya harusi. Akavianika juu ya kanga. Nikamwambia, Wilhelmina, wanakufukuza nawe unawaoshea? Akanijibu, mimi sikabidhi uchafu. Halafu akavirudisha kimoja kimoja huku anavitaja kwa sauti. Sasa wewe mwenyewe unajua, kwa Wilhelmina le na re ni mtu na pacha wake!" Nilimsihi aje aseme hayo ofisini. Akakataa. Alisema wakati wa kuvirudisha alisikia tu akiwa anahesabu magunia, hakuona, na hataki kula kiapo kwa alichosikia.

Najua ninachokuomba. Najua ofisini walikuita Bibi Balua kwa miaka kumi na moja, na kwamba ulijifunza kuchapa bila kutazama ili pawe na mahali pamoja ambapo hakuna wa kukusahihisha. Wewe hukuhitaji kuzisoma herufi zile. Vidole vyako vilijua pa kwenda. Sasa nakutaka uingie chumba kile, mbele ya mtu wa Tanga, na useme kwa mdomo ule ule kwamba ulikosea L na R. Nimetafuta njia nyingine kwa siku tano na sikuiona. Shahada yangu haikunifundisha la kufanya.

Kikao cha kuamua kama nitathibitishwa ni Jumatatu, tarehe 24 Machi, saa tatu asubuhi. Nikishindwa, nitahamishiwa kwenye mizani ya ghalani hadi majaribio yaishe, kisha basi. Ada ya Shimba sekondari inategemea kazi hii, na mdogo wangu huyo hana mwingine wa kumlipia. Ukija, sitakutaka useme mengi. Labda uketi tu kwenye kiti chako cha zamani, uchape ukitazama ziwani, wasikie. Usipoweza, sitakulaumu wala sitamwambia mtu kwamba nilikuomba.

Utanisamehe kwa mwandiko wa mkono. Nimekatazwa kuigusa kibodi hadi siku ya kikao. Barua hii nimeisoma mara nne nikizitafuta herufi zile mbili. Ukiona moja imekaa mahali pa mwenzake, tafadhali usiniambie kabla ya Jumatatu, maana hata mimi sasa sina hakika kwamba ilikuwa kibodi peke yake.

Nisalimie dada Kija na aliye tumboni au mikononi, na jirani yako Mama Mhoja, na wote wanaokuuliza habari zangu. Waambie ni njema. Mungu akutunze goti hilo, akuzidishie siku, na asikuhesabie sabuni ile kuwa kosa.

Barua nampa Kashindye, anayevuka kesho. Sitaki usafiri peke yako, kwa hiyo nitavuka mwenyewe. Jumapili tarehe 23 Machi, saa nne kamili asubuhi, nitakuwa nimesimama Kamanga, ng'ambo yenu, pale kivuko kinapotia nanga, nimevaa shati jeupe. Nitasubiri hadi kivuko cha saa nane, halafu nitarudi, na wewe au bila wewe.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye na kukutegemea,

Nathaniel Masalu