Isaiah na ile Tomcat

Metrine, nimeaibika hotelini leo!

Wazee waliokuwa marubani wa Tomcat, ile ndege ya kivita ya wanamaji wa Marekani, walikuja hoteli yetu hapa Garhoud kwa lunch ya kuikumbuka. Nikapewa mic niwakaribishe. Isaiah, tunayefanya naye kazi, akaniambia, "Yalla, haya, waambie bado inaruka, watafurahi."

Nikasema! Kwa mic!

Mzee mmoja akaanza kulia. "Binti, ilistaafishwa 2006. Nilikuwepo."

Kugeuka, Isaiah ananirekodi akicheka. Nikamuuliza, "Kwani ulijua?"

"Nilijua. Utani tu, dada."

Ati dada! Si mimi nilimtafutia hii kazi? Si alilala kwangu akingoja visa?

Yule mzee alinifuata jikoni kuniomba msamaha kwa kulia. Isaiah ameituma video kwa group ya kazi.