Kwa Mzee wa Nakala, Aliyesafiri na Simu Mkononi

Mwaka umetimia, baba watoto, tangu moyo wako ulipogoma ukiwa kwenye foleni ya kukaguliwa mizigo uwanja wa ndege, ukielekea mkutano wako wa kumi na moja wa watunza kanzidata. Watoto wamesema niandike mimi, eti ndiye mwenye maneno. Haya, naandika.

Kazi yako ilikuwa kutunza kanzidata ya hospitali: majina ya wagonjwa, dawa zao, vipimo vyao, vyote mikononi mwako. Kila kitu ulikitolea nakala, kisha ukaijaribu kama inafunguka. Hata nyumbani! Ufunguo wa choo ulikuwa na nakala tatu. Watoto wakakubandika jina la Mzee wa Nakala, na wewe ukaliitikia.

Ulikuwa mpole. Muuguzi akifuta taarifa kwa bahati mbaya, ulimrudishia kimya kimya, mkuu wake asijue.

Watu walikuonea gere kwa safari zile. Laiti wangejua! Bosi wako alikuruhusu kwa sharti moja, simu isizimwe. Ile mara moja uliyonichukua, uliniahidi tutatembea mjini. Hatujafungua hata mabegi, simu ikaita kutoka hospitali, ukaketi sakafuni bafuni kwa kuwa mtandao ulishika huko tu. Siku mbili! Mji mzima niliuonea dirishani, nikala biskuti za hoteli hadi nikazikinai. "Nivumilie kidogo tu, mke wangu," ulisema. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo bado.

Siku ya tatu ukapanda jukwaani, simu mezani, ukawaambia wenzako, "Kama kazini kwenu anayejua ni mmoja tu, huyo mmemfunga." Ukumbi ukacheka na kupiga makofi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakutazama ulivyokuwa ukiigeukia ile simu.

Barua ya kuacha kazi uliiandika miaka minne kabla hujatutoka, ikalala kabatini. Kila nikikuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Nikipata wa kumwachia tu. Nikiondoka leo, wagonjwa watapotelea humo kwenye kanzidata." Harusi ya ndugu yako hukwenda. Likizo hukuchukua. Tulifungwa sote, baba, wewe na sisi.

Mwezi uliopita alikuja dada aliyeshika nafasi yako, kutuletea kikombe chako na koti. Nikamuuliza kazi ameiwezaje.

"Mama, aliandika kila hatua, tena imenyooka," akasema. "Nilisoma maelezo yake wiki tatu, nikaanza kazi. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepotea."

Wiki tatu! Nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka getini, nikarudi ndani nikalia kwa sauti kama siku ile ya msiba. Ungeweza kuondoka siku yoyote, mume wangu. Ulishajifungulia mlango mwenyewe, ukaendelea kukaa ndani kwa kuwahurumia watu. Hakuna aliyekwambia, na mimi sikujua.

Tunakukumbuka mimi mkeo, binti zako wawili na kitindamimba wako, mama yako mzazi, kaka zako, mashemeji, na wauguzi wa wodi zote uliowafichia makosa yao.

Hatutakusahau maadamu tunapumua. Pumzika, baba. Kazi uliimaliza zamani.