Daktari wa Kwenye Simu

Misikhu,
Septemba 2009

Kwako dada Gladwell,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye mvua na matope. Natumai shemeji Mbugua hajambo, watoto wamefungua shule vizuri, na wagonjwa wa hapo Kitale hawakumalizi nguvu. Mimi ungeniuliza hali kwa simu ningekujibu sijambo, Mungu ni mwema. Lakini hii ni barua, na anayeileta ni Cherop wa vitunguu ambaye hajui habari za nyumba hii, kwa hiyo nitakujibu kweli. Mimi si mzima, dada, na wewe una sehemu yako.

Najua unalalamika kwamba sitaki kuongea nawe. Simu si yangu. Ni ya baba mkwe, mzee Wekoye, na tangu iingie maji haisikiki sikioni, mpaka aweke spika, na hapo hata jirani anajua umepika nini. Mambo niliyo nayo si ya spika. Jumapili hii wazee wa ukoo wanakutana hapa nyumbani kuamua kama mume wangu aoe mke mwingine, maana huu ni mwaka wa tano na sijazaa. Mama mkwe ameshamwona msichana huko Ndalu, ati ana nyonga nzuri. Wabwile mwenyewe amewaachia wao. Anapakia mahindi yake kwenye lori na kuondoka, wazee wakimaliza watamwambia.

Unaikumbuka ile asubuhi ya Juni niliposhikwa na kipandauso. Unakijua tangu tukiwa wasichana, ulivyokuwa ukinifunika macho kwa sweta lako la shule. Siku hiyo kilinikuta shambani nikichuma maharagwe. Jicho la kushoto likaanza kuona vimulimuli, nikatapika mpaka nyongo. Wabwile alikuwa safarini. Mama mkwe akasema hayo ni mambo yetu tuliyokuja nayo kutoka kwetu. Mzee ndiye aliyesema kwani dada yangu si daktari, basi apigiwe. Nilimshukuru, na kwa hilo bado namshukuru.

Walinikalisha uani. Mzee akashika simu mwenyewe, mama mkwe akasogea, na majirani nao wakasogea. Siwezi kusema hukuuliza, dada. Uliuliza maumivu yapo upande gani, kama mwanga unaniumiza, kama nina presha, nimemeza nini. Mzee akawa ananirudishia kila swali kwa sauti ya karani wa korti, ati Nyaruai, daktari anauliza umetapika mara ngapi. Kisha ukauliza kama nina mimba. Hilo mzee hakulirudia. Aliangalia kando, akaninyoshea simu mkono ukiwa mbali.

Katika nyumba hii mke wa mtoto hampi baba mkwe mkono, haketi alipoketi yeye, na mambo ya tumbo lake hayataji mbele yake. Mwenyeji pengine angejua pa kupitia. Angekohoa, angemtupia mama mkwe jicho. Mimi ni Mkikuyu niliyeolewa huku, na baada ya yale mapigano ya makabila ya mwaka jana naishika mila yao kuliko wenyewe, maana nikikosea mimi tunahesabiwa kabila zima. Nikajibu hapana.

Ukaniamini. Ukatuma jina la dawa kwa meseji, mwenye duka la dawa hapa sokoni akalisoma kwenye simu ya mzee, akatoa vidonge. Kabla ya jioni kichwa kilikuwa chepesi. Mzee alifurahi mno, na mpaka leo akiwa kwa kinyozi anawasimulia watu habari za daktari wake wa kwenye simu.

Dada, nilikuwa na mimba ya miezi miwili. Hata Wabwile nilikuwa sijamwambia, nilitaka arudi nimwambie uso kwa uso. Wiki ile ile tumbo lilianza kukaza, ikatoka nikiwa chooni, peke yangu. Nikasema ni hedhi mbaya, nikaenda kufua. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha. Baadaye nilikwenda hospitali Bungoma nikisingizia jino. Muuguzi akaangalia pakiti, akaniambia vidonge hivyo vinabana mishipa ya kichwa na vinaweza kubana tumbo la uzazi pia, mjamzito hapewi. Akasema pia huenda ingetoka hata bila vidonge, hakuna awezaye kuapa. Neno hilo, huenda, ndilo linalonila.

Najichukia kwa lile neno moja. Lakini nawe nimekukasirikia. Ulisikia simu inavyovuma, ulisikia watu wakikohoa. Wewe ni mwanamke, na unajua nimeolewa wapi. Ungemwambia mzee anipe simu niende nayo nyuma ya ghala, kisha uniulize. Ulikuwa na haraka, wagonjwa wako walikuwa mlangoni.

Sasa sikiliza. Jumapili baada ya kanisa, kabla ya kuamua, mzee atakupigia ili daktari wake awaambie wazee kama mimi ni tasa. Nitakuwa nimeketi hapo. Usinitetee kwa maneno ya kidaktari. Waambie nilishika mimba nyumbani mwao, na waambie ilipatwa na nini, pamoja na dawa yako. Mimi nitasimama niseme ni kweli. Ukiona hilo litakuharibia jina hapo Kitale, zima simu yako siku hiyo. Watanitafutia mke mwenzangu, nitampokea, na hutapata barua yangu nyingine.

Nisalimie shemeji na watoto, na Mama ukimwona mwambie nakula vizuri. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Nyaruai